Kodi Imefutwa, Sheria Haijafutwa: Kununua Sailensa ya Bunduki kwa Mara ya Kwanza

(Haya ndiyo niliyoyasema Jumamosi jioni kwenye mkutano wetu hapa Houston. Nayaweka yote kwa ajili ya mliokuwa zamu ya usiku. Picha za ukutani nimeziacha, hazikuwa na maana sana hata pale pale.)

Wazee wangu, shikamoni. Mama zangu, dada zangu, ndugu zangu, na nyie wadogo zangu mliosimama kule nyuma karibu na jiko kwa sababu mnazozijua wenyewe, habari za jioni.

Mwenyekiti aliponipigia simu akasema, "Kaka, njoo utueleze habari ya ile sailensa yako," nilimsikia shemeji kwa nyuma akiuliza, "Sailensa? Kwani anataka kumuua nani?" Mnacheka, lakini nani kati yenu hakuwaza hivyo hivyo? Kwetu neno hili tunakutana nalo kwenye habari za ujambazi na kwenye sinema: mtu kavaa koti jeusi, bastola inasema "tsu", mlinzi anaanguka, na aliyelala chumba cha pili haamki. Basi tuanzie hapo. Ile "tsu" ni ya sinema.

Miaka minne iliyopita nilialikwa na mwenye shamba mmoja, kaskazini ya hapa, nimsaidie kupunguza nguruwe pori. Ndugu zangu Waislamu msitie shaka, nyama iliyopo jikoni leo ni mbuzi na ng'ombe tu. Texas inajua taabu ya hawa wanyama: usiku mmoja wanalima shamba la mtu kuliko trekta. Tangu 2019 huhitaji hata leseni ya uwindaji kumpiga nguruwe pori kwenye ardhi ya mtu binafsi, mradi mwenye ardhi amekuruhusu. Nikakaa ndani ya kibanda cha bati, bunduki dirishani. Viziba masikio nilikuwa navyo, wapi? Mfukoni. Nilitaka kuwasikia wakija. Wakaja, nikapiga risasi moja.

Jamani, bati lile! Nilihisi kama mtu kanipiga kofi masikio yote mawili kwa mpigo. Kuanzia hapo nikawa nasikia kitu kimoja tu, kriiiii, kama nyenje wa masika. Nimefika nyumbani, kriiii. Nimelala, kriiii. Asubuhi mama watoto anaongea, naona midomo inacheza, nami naitikia "ndiyo, ndiyo". Mpaka leo sijui nilikubali mambo mangapi siku ile. Sikio la kulia halijarudi sawasawa. Mkitaka kuniambia siri, njooni upande wa kushoto.

Wataalamu wa masikio huweka mpaka wa hatari kwenye desibeli 140 kwa kishindo cha ghafla. Bunduki ya kuwindia inapita 150, nyingi zinafika 160 na zaidi. Sailensa nzuri inapunguza kama 20 mpaka 35 hivi. Pigeni hesabu wenyewe. Hiyo si kimya! Ni kama mtu kapiga nyundo kwenye mlango wa chuma, na jirani anasikia vizuri kabisa. Ni bomba lenye vyumba ndani, linafungwa mdomoni mwa mtutu kwa hesi kama za nati na bolti. Moshi wa baruti unatoka na hasira, unapitishwa chumba hadi chumba, hasira inapungua. Mmeshasikia bodaboda iliyotolewa ekzosi ikipita mtaani saa nane za usiku? Irudishie ekzosi yake. Bado ni pikipiki, bado inasikika, ila mtoto haamki. Na risasi yenyewe, kama inakwenda kasi kuliko sauti, inapasua hewa kwa mlio wake, na huo hakuna bomba la kuuzuia.

Niwape na kisa cha aliyeitengeneza, maana kwangu mimi kina uzito wake. Mimi ni mtu wa Mahenge. Wazee wetu walipolivamia boma la Wajerumani mwishoni mwa Agosti 1905, na maji ya dawa mwilini, walipokelewa na bombomu, yaani bunduki ya rashasha. Mzee wangu alikuwa akifika kwenye neno hilo, bombomu, ananyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Silaha ya namna ile aliibuni Hiram Maxim mwaka 1884. Kazi ya kuzijaribu bunduki zake ikamla masikio, akazeeka kiziwi. Sasa sikilizeni: mwanawe, Hiram Percy Maxim, ndiye aliyepata hataza ya sailensa ya bunduki mwaka 1909. Baba kaileta kelele, mwana kaja na kizibo! Nilipoijua habari hii nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Sina la kuongeza hapo, nawapa kama nilivyoikuta.

Sasa tuingie kwenye karatasi. Na kuna sentensi moja nataka mwondoke nayo, hata mkisahau mengine yote: kodi imefutwa, sheria haijafutwa.

Kodi gani? Mwaka 1934, enzi za magenge ya mijini na bunduki za rashasha, Marekani ilipitisha sheria ya silaha iliyoziingiza sailensa kwenye daftari moja na rashasha. Kila ikihama mkono, kodi dola 200. Mwaka ule dola 200 ilikuwa fedha ya kutisha, kwa thamani ya leo ni zaidi ya dola 4,000. Hawakukataza. Waliweka bei ya kukufukuza. Bei hiyo haikupanda wala kushuka kwa miaka tisini na ushee, mpaka sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 ilipoifanya sifuri kwa sailensa kuanzia tarehe 1 Januari 2026.

Simu zangu mwezi ule! "Kaka, nasikia sailensa ni bure sasa." "Kaka, nasikia unanunua kama soda." Hapana. Kodi imefutwa, sheria haijafutwa. Fomu ipo, alama za vidole zipo, picha ipo, kukaguliwa kupo, kusubiri kupo. Na bomba lenyewe bado unalinunua kwa fedha zako, mamia ya dola, mengine yanapita elfu. Kwa macho ya sheria ya nchi hii bomba hilo ni silaha, hata likiwa peke yake mezani bila bunduki. Kukutwa nalo halijasajiliwa kwa jina lako ni kosa la hadi miaka kumi jela.

Na kwa wengi wetu humu, jela si mwisho wa habari. Nani humu ndani bado hajawa raia? Msinyooshe mikono, mkutano huu unarekodiwa. Asiye raia akitiwa hatiani kwa kosa la silaha anaweza kufukuzwa nchini, hata kama ana grinikadi, hata kama ana watoto waliozaliwa hapa. Ndiyo maana nazungumza polepole.

Kwa hiyo swali la kwanza, kabla ya aina wala bei: wewe unaruhusiwa? Raia, sawa. Mwenye grinikadi, sawa, kama hana doa. Aliyekuja kwa viza ya muda, ya masomo, ya kazi, ya kutembea, kimsingi haruhusiwi kumiliki silaha wala hata risasi. Ipo milango michache, mmoja ni leseni halali ya uwindaji ya jimbo, lakini usiupite mlango huo bila mwanasheria. Kuna kijana wetu, mwanafunzi, alinifuata na fedha taslimu mkononi: "Anko, ninunulie kwa jina lako, mimi nitakuja kuichukua." Nilimwambia, mwanangu, hapo umetaja makosa mawili kwa sentensi moja. Kumnunulia silaha asiyeruhusiwa kuwa nayo ni jela yangu mimi, na kuishika ni safari yako wewe. Alininunia miezi miwili. Leo yupo hapa na ameniletea soda.

Aliyewahi kutiwa hatiani kwa kumpiga mkewe, au mke kumpiga mumewe, hata kama lilihesabiwa kosa dogo na ulitozwa faini tu: mlango umefungwa. Mvuta bangi naye asijidanganye kwamba jimbo fulani limeruhusu. Fomu unayojaza dukani inauliza habari hiyo, na inakuonya kwamba ruhusa ya jimbo haikusaidii mbele ya serikali kuu. Ukidanganya pale, umejiandikia kosa jingine kwa mkono wako.

Swali la pili: unaishi wapi? Hapa Texas ruksa, na kuwindia nayo ruksa. Majimbo 42 yanaruhusu. Manane hayaruhusu mtu wa kawaida: California, Delaware, Hawaii, Illinois, Massachusetts, New Jersey, New York na Rhode Island. Nitarudi kwenye Illinois, maana nusu yenu mna ndugu Chicago.

Umepita hapo? Nenda dukani. Si duka lolote la bunduki, ila lile lenye leseni na lililolipia daraja maalumu la kushughulikia vitu vya daftari hili, tena liwe ndani ya jimbo lako. Ukinunua kwenye mtandao kutoka jimbo jingine, haiji nyumbani moja kwa moja, inapitia kwa muuzaji wa jimbo lako. Chagua inayolingana na ukubwa wa risasi yako, na hakikisha mtutu wako umekatwa hesi. Mimi nilinunua bomba kwanza, ndipo nikagundua mtutu wangu ni laini kama mwichi. Fundi akanidai fedha ya kuukata, na aliicheka bunduki yangu mbele yangu.

Unalipa. Halafu unatoka mikono mitupu. Hapo ndipo Mwafrika anaposhtuka! Umelipa, risiti unayo, mali unaiona kwa macho, na mwenye duka anaifungia kwenye sefu yake. Ndiyo utaratibu. Mali ni yako, lakini hairuhusiwi kuhama mpaka lile shirika la serikali kuu la silaha, wenyewe wanaliita ATF, lipitishe Fomu namba 4.

Fomu hiyo siku hizi inajazwa kwenye kompyuta, na duka ndilo litakalokuongoza. Inataka taarifa zako, picha kama ya pasipoti, na alama za vidole. Nakala inakwenda kwa mkuu wa polisi au sherifu wa eneo lako. Zamani ilibidi akubali kusaini, na akikuchukia umekwama. Tangu 2016 anapewa taarifa tu.

Vidole vyangu mimi vilikuwa kituko. Nimefanya kazi ya kusafisha majengo miaka kumi na moja, madawa yameila ngozi. Dada wa pale dukani akanikandamiza kidole gumba kwenye kioo, mashine ikakataa. Akakandamiza tena, ikakataa. Akaniuliza, "Unafanya kazi gani?" Nikamwambia. Akafungua droo, akatoa chupa ya losheni, akanipaka vidole kimoja kimoja kama mtoto anayepelekwa kliniki, akasubiri, akafuta, akajaribu tena. Vikaonekana. Mlio kwenye usafi, ujenzi na jikoni, wiki moja kabla ya siku hiyo vaeni glovu na mjipake mafuta kila usiku. Hilo hamtaliona limeandikwa popote.

Na sasa jambo lililonigharimu mimi mwenyewe. Nimezaliwa tarehe 7 Machi. Niandikeje? Sote humu tumefundishwa tangu darasa la kwanza: siku, mwezi, mwaka. Saba, tatu. Kwa Mmarekani saba, tatu ni tarehe 3 Julai! Nimekaa nchi hii miaka yote hiyo, nalijua hilo kama ninavyoijua njia ya nyumbani, lakini siku ile mkono uliandika Kiswahili. Fomu ikarudi. Kwao walikuwa wanamtafuta mtu wa Julai, na kitambulisho kinasema Machi.

Majina nayo ni yale yale. Pasipoti ina majina matatu, leseni ya udereva ina mawili, grinikadi imeligeuza jina la babu kuwa la ukoo, na wengine pale uhamiaji ulipewa mwezi wa kwanza tarehe moja kwa sababu cheti cha kuzaliwa hakikuwepo. Wangapi humu wamezaliwa tarehe 1 Januari? Naona mnaangaliana. Siku ya kwenda dukani weka karatasi zako zote mezani nyumbani, zisome kwa sauti, moja baada ya nyingine. Zikitofautiana, zirekebishe kwanza kwa wanaohusika. Bomba linasubiri, haliozi.

Kusubiri sitakukalisha sana. Zama za karatasi watu walisubiri miezi minane, kumi, mwaka. Wengine walihama nyumba sailensa ikiwa bado dukani. Tangu mambo yahamie kwenye kompyuta, 2024 wengine walijibiwa ndani ya siku chache. Inapanda na kushuka, foleni ikiwa ndefu unasubiri zaidi. Ukipitishwa, duka linakupigia, unakwenda na kitambulisho, unajaza fomu nyingine ya kuchukua silaha, unasaini, unaondoka nayo. Nakala ya ile Fomu 4 iliyopitishwa itunze kama hati ya kiwanja. Mimi ninayo kwenye simu, na karatasi iko kwenye mfuko wa bunduki.

Jamani, hapo ndipo wengi wanapodhani yameisha. Wanaume hasa nisikilizeni, maana sisi ni watu wa kuazimana. Gari tunaazimana, suti tunaazimana. Sailensa iliyosajiliwa kwa jina lako haiazimwi. Ukiwepo shambani pamoja na mwenzako, akapiga mbele ya macho yako, hiyo haina neno. Akiondoka nayo akasema ataileta Jumatatu, nyote wawili mmeingia matatani. Hata mke wako, usimwachie nyumbani ukasafiri. Kama mnataka familia itumie, lipo jambo linaitwa trasti: sailensa inasajiliwa kwa jina la trasti, na wadhamini wake wote wanaruhusiwa kuishika. Ila kila mmoja atatoa picha yake na vidole vyake. Sisi nyumbani tumefanya hivyo mara ya pili. Mama watoto vidole vyake vilisoma mara ya kwanza, na hajaacha kulisema hilo.

Chicago sasa. Rafiki yangu mmoja alikuwa anakwenda harusini, gari limejaa viti vya kukodi na sufuria, na chini ya sufuria kaweka bunduki na bomba lake ili akitoka huko apite Missouri kuwinda. Alinitajia kwenye simu hivi hivi, kama anayetaja vitunguu. Nikamuuliza, Illinois unaingia lini? Kesho asubuhi. Nikamwambia, basi rudi. Missouri ni halali, ukivuka mto Mississippi umekuwa mhalifu, na karatasi yako ya serikali kuu haitakuokoa. Alirudi. Alichelewa harusi, akakosa pilau, akanitukana. Mimi niliyapokea yale matusi kwa moyo mmoja.

Na la mwisho, hivi vitu vya bei poa kwenye mtandao. Mtaona "kifaa cha kusafishia bunduki", "kichujio cha mafuta", dola arobaini, kinakuja na vikombe ndani ambavyo havijatobolewa, na maelezo yanayokukonyeza jicho. Utoboe mwenyewe. Ndugu yangu, siku unapotoboa umetengeneza sailensa, na kutengeneza kunataka ruhusa yake kabla hujagusa drili. Hiyo ni Fomu namba 1, si namba 4. Maofisa walishawaandikia watu barua kwa ajili ya vifurushi hivi, na wengine wamegongewa mlango. Kama huwezi kununua ya dukani mwaka huu, vaa viziba masikio. Nazo ni dola chache. Na hata ukiwa na sailensa, mimi bado navivaa. Safari hii haviko mfukoni.

Naona mwenyekiti anaangalia saa. Maswali mawili.

Ndiyo, mama, pale mwanzoni. Anauliza, ukifa?

Swali zuri, na asante kwa kuniombea maisha marefu. Aliyekuwa peke yake kwenye usajili akifariki, msimamizi wa mirathi anaitunza, na mrithi halali anaomba ihamishiwe kwake kwa Fomu namba 5. Mrithi huyo hakudaiwa kodi hata zamani. Lakini naye lazima awe anaruhusiwa, na akae jimbo linaloruhusu.

Na wewe kijana wa jikoni? Anauliza kama anaweza kuipakia kwenye kontena pamoja na magodoro ampelekee baba yake Morogoro.

Hapana! Kuitoa nchi hii bila kibali cha serikali kuu ni kosa jingine kabisa, na kule bandarini nako kuna watu wana macho. Mpelekee magodoro. Mbuzi ameiva?